Kifurushi cha Mwezi

Jumatano, Nyanchwa

Swali lenyewe lilikuwa dogo, na bado linanisumbua. Nilikwenda mjini Kisii kununua simu mpya na kifurushi cha intaneti, ili niweze kuonana na familia yangu iliyobaki Morogoro. Simu niliichagua upesi. Tulipofika kwenye kifurushi, mwenye duka, mzee wa Kihindi, akaniuliza, "Unaongea na watu sana, madam? Kama ni ile ya 'uko sawa, niko sawa', bando ya siku inatosha."

Mimi ninayehutubia ukumbi mzima wa wanachuo hapa, nikaanza kuwahesabu watu ninaoongea nao. Majirani zangu ni wema, lakini wakishanisalimu kwa Kiswahili hurudi kwenye Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, nami hubaki nikitabasamu. Nikachukua cha mwezi. Kwa kiburi, nadhani.

Jioni niliwapigia simu ya video. Mume wangu aliisifu picha. Binti yetu Neema aliniamkia, akauliza kama nimekula. Kisha ugali ukaletwa, simu yao ikalazwa mezani, nikabaki kutazama dari.

"Nani kamaliza mchuzi?" Ilikuwa sauti ya Neema.

"Muulize baba!" mdogo wake akajibu.

"Mnanionea jamani, nimechovya mara moja tu."

Wakacheka. Ningeweza kuita, lakini niliogopa wangenyamaza kwa adabu, kisha waniage. Nikawasikiliza mpaka sahani zikaondolewa.

"Mama Neema, bado upo?" mume wangu akashtuka, uso wake ukijaa kiooni.

"Nipo," nikamwambia. "Endeleeni tu."