Nilitaja Watoto Sita, Nina Saba

Shangazi Qali, assalamu alaikum. Nakuandikia nikiwa na aibu, na unisamehe mwandiko kwa sababu niliacha shule darasa la tano. Mimi ni Alio, kwetu ni Kutulo, lakini huu ni mwaka wa tatu niko Garissa, nalala mtaa wa Iftin na kazi yangu ni kupakia mchanga kwenye malori huku mtoni. Ukame ulimaliza ngamia na mbuzi wetu, ndiyo nikashuka huku, mke wangu Rukiyo akabaki na watoto, nami huenda nyumbani mara mbili kwa mwaka, na tangu nije huku tumepata wengine wawili, sitaficha.

Babu yangu alizaa kumi na mmoja akazika sita, surua na kuhara viliwachukua, na waliobaki walikuwa na ngamia wa kuchunga. Baba alizaa tisa akazika watatu. Mimi nina saba, wote wamechanjwa, wote wako hai, alhamdulillahi, lakini hakuna hata mbuzi wa kuchungwa, na bado nilikuwa najisifu kwamba nimemshinda baba kwa hesabu ya walio hai.

Wiki iliyopita Rukiyo alinipigia mchana, mimi na wenzangu tumekaa kwenye kivuli cha lori tunakunywa chai, na simu yangu haisikiki vizuri kwa hiyo huwa naweka spika, akasema nesi wa kliniki inayokuja Kutulo kila mwezi amemwambia damu yake imepungua na mwili haujapona tangu uzazi wa mwisho, apumzike kuzaa miaka miwili au mitatu, iko njia ya kupanga uzazi, lakini hataki kuanza bila neno langu. Shangazi, moyoni nilikubali. Lakini wenzangu walikuwa wananitazama, nikasema, "Huyo nesi anataka kumaliza kizazi chetu. Wewe zaa, anayelisha ni mimi."

Guleid, ambaye tunapakia pamoja, akacheka. "Warya Alio, unalisha kina nani? Hebu wataje."

Nikahesabu kwa vidole: Shuaib, Khalif, Filsan, Salah, Lul, Ugbad. Hapo nikakwama, na wanaume wakaangua kicheko. Rukiyo akasema polepole kwenye spika, "Umemwacha Hinda. Amesimama hapa, alikuwa anangoja kukusalimia."

Akakata. Tangu siku hiyo hashiki simu yangu. Dada yake ananiambia Hinda, ambaye ana miaka sita, anauliza kama yeye ana baba mwingine. Nesi anarudi Kutulo mwisho wa mwezi. Nikikubali, hapa wataniita mwanamume anayeamriwa na mke, na nikikataa namfikiria Rukiyo na damu yake. Nifanye nini?

Alio, Iftin

Alio mwanangu, waalaikum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Kazi yako ni ngumu, jua la mtoni nalijua, na kosa lako hukulificha. Hayo nakubali. Lakini hadithi ya simu isiyosikika usiniletee. Ungesimama ukaenda kando.

Mkeo alikuomba neno moja, ukampa kicheko cha wanaume.

Babu yako alizaa wengi akijua atazika. Wewe hujazika, na sababu mojawapo ni manesi kama huyo unayemsema, waliowachanja wanao. Sasa anakuonya kuhusu mama yao na humsikii. Dini yetu imempa mama miaka miwili mizima ya kunyonyesha, na hakuna kizazi kilichokwisha kwa hiyo. Ukiwa na shaka, muulize sheikh, lakini umweleze na habari ya damu.

Leo hii piga simu ya dada yake, ukiwa peke yako. Usianze na Rukiyo, omba kuongea na Hinda. Mwambie ulimsahau, na kwamba ni kosa lako. Usimsingizie mtandao, mtoto wa miaka sita anajua tofauti. Kisha mwambie Rukiyo aende kliniki, na usiongeze "lakini". Ukipata lori la kupanda, nenda ukawepo siku nesi atakaporudi.

Wenzako je? Ulimwaibisha mkeo mbele yao, basi rudi mbele yao, kwenye chai ile ile, useme Rukiyo anapumzika na wewe ndiye umekubali. Watacheka siku mbili. Guleid akikwambia tena uwataje watoto wako, wataje.

Anza na Hinda.