Mbuzi Wangu na Kikombe cha Zaituni

Mjukuu wangu Rukia,

Pokea salamu za sisi wote hapa Kisugu. Babu yako goti limepoa, na Ijumaa alipanda mwenyewe mlima wa Kibuli kwenda kuswali. Mama yako anakutaja kila anapokaanga samaki.

Umeniuliza kama ni dhambi kumwonea wivu rafiki yako aliyeshinda tuzo ya katuni fupi huko Nairobi. Mimi si shehe. Ila wivu huo naujua.

Ujanani, mimi na rafiki yangu Zaituni tulitengeneza katuni ya dakika chache, tukichora picha moja moja kwa mkono. Yeye alichora msichana, mimi nikachora mbuzi anayemfukuza. Zamani hizo tuzo ya katuni ilitolewa kwa jina moja tu, hata mkichora watu kumi. Likaitwa la Zaituni. Nilipiga makofi huku roho ikiniuma.

Kisha katuni ikaonyeshwa. Mbuzi wangu alipoteleza, watoto ukumbini wakaangua kicheko: "Banange! Jamani, mbuzi!" Msichana hakuna aliyemtazama. Nikageuka, nikamwona Zaituni amekumbatia kikombe chake cha tuzo, ananitazama kwa jicho lile lile nililomtazama nalo mimi.

Wiki iliyopita alikuja kunisalimia. Nikamuuliza kikombe kiko wapi.

"Kipo bafuni, tunawekea miswaki."

Tulicheka sana. Lakini Rukia, mswaki wangu mimi unakaa kwenye kopo la siagi, na kila asubuhi nikiushika, roho inaniuma upya.

Bibi yako,
mwenye mbuzi