Akaunti Asiyoijua Baba Noah

Mama Modesta, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, tangu nilipokuwa nikinunua gazeti pale stendi ya Tukuyu, na siku hizi nakusoma kwenye simu nikiwa Muscat, Oman, ambako nafanya kazi ya unesi katika kliniki ya mtu binafsi, mwaka wa nne sasa. Nimebakiza miezi mitatu mkataba wangu uishe na kuna uamuzi wa kibenki natakiwa kuufanya, na kila siku nauahirisha, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho hata kama nitazunguka zunguka.

Nianze na mume wangu ili usije ukamwelewa vibaya. Anaitwa Anyitike, ni mwalimu wa sekondari, kila asubuhi anapanda bodaboda kwenda Isongole kufundisha hisabati na jioni anarudi Tukuyu kuwapikia watoto wetu wawili, Noah na Lightness, na tangu niondoke sijasikia jambo baya juu yake, hanywi, hana mambo ya wanawake, na mwaka wa kwanza nilipokuwa namtumia karibu mshahara wote kwenye akaunti yake alikuwa ananipigia picha kila kitu, bati hizi hapa, ada hii hapa, dawa za mama hizi hapa. Hakuna shilingi iliyopotea.

Lakini mwaka huohuo nilitaka kufanya mtihani wa kupandishwa daraja hapa kazini, na ada yake ilikuwa kama laki tatu za nyumbani, na mimi nilikuwa nimebakiza hela ya chakula tu, nikampigia nikamwomba anirudishie kidogo. Akaniuliza, "Ya nini?" Nikamweleza. Akasema, "Ngoja kwanza, nimeshaweka oda ya mbao, nikimalizana na fundi nitakutumia." Akatuma kweli, baada ya wiki mbili, usajili ukiwa umeshafungwa. Hakuwa na nia mbaya, najua, lakini siku ile nilijiona kama mtoto anayeomba nauli, tena anaomba kutoka kwenye jasho lake mwenyewe, na lile swali la "ya nini" likanikaa kifuani na halikutoka.

Ndipo nesi mwenzangu anayeitwa Doreen, wa Mbeya mjini, akanipeleka benki hapahapa Muscat nikafungua akaunti ya akiba kwa jina langu peke yangu, na mwaka uliofuata nilifaulu ule mtihani nikaongezewa mshahara, nyongeza ile sikumwambia mume wangu, nikawa naiweka yote kule. Aliponiuliza mbona umepanda daraja na hela ni ileile, nilimwambia wamepunguza posho ya nyumba. Mama, uongo wenyewe ulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Leo akaunti ina rial elfu nne na mia moja, ambazo ni kama milioni ishirini na saba.

Sasa sikiliza kilichonileta kwako. Mwaka jana mwezi wa nne, mvua zikiwa kubwa, mama mkwe wangu aliteleza shambani kwake Kinyala akavunjika mfupa wa paja. Wakamfikisha Mbeya, madaktari wakasema lazima awekewe chuma. Anyitike akanipigia yuko korido ya hospitali, nasikia watu wanapita, akasema, "Mama Noah, una chochote huko? Hata nusu yake."

Nikamwambia, "Sina, Baba Noah. Mwezi huu wametukata tena."

Wakati nasema hivyo nilikuwa na rial zaidi ya elfu tatu. Nilijiambia nitazituma, Ijumaa nitazituma, nitasema nimekopeshwa na Doreen, ila lazima kwanza nipange maneno ili yasigongane na yale ya zamani, na nikiwa katika kupanga huko siku tatu zikapita, na siku ya tatu mume wangu akanipigia kuniambia nisihangaike tena, hela imepatikana, ameuza shamba la parachichi. Lile shamba liko njia ya kwenda kwa mama yake, miche themanini, aliichimbia mashimo mwenyewe likizo hadi likizo, ilikuwa mwaka wa nne na ilikuwa imeanza kuweka maua ya mavuno ya kwanza. Ameliuza milioni tatu na laki mbili kwa mwalimu mwenzake.

Mama akafanyiwa upasuaji, akapona, anatembea na fimbo. Baada ya wiki mbili akanipigia yeye mwenyewe, na huwa hapigi simu, akasema, "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Anyitike ameniambia hela ni yako. Umeniinua kitandani." Nikaitikia tu, "Asante, mama."

Jioni nilimuuliza mume wangu kwa nini amemwambia mama yake vile. Akanijibu taratibu tu, "Nilitaka ajue mkwe wake anamjali. Si ungekuwa nayo ungetoa? Sasa tofauti iko wapi?"

Mama Modesta, tangu siku hiyo sijawahi kumsikia mume wangu anaongea nikawa na amani.

Sasa benki hapa wamenieleza kwamba kadi yangu ya ukaazi ikiisha siwezi kuendelea na akaunti hii, lazima nizihamishe hela. Kliniki wananiambia niongeze mkataba wa miaka miwili, nikiongeza basi akaunti inabaki ilivyo na hakuna atakayejua. Anyitike naye ameshachukua fomu za akaunti ya pamoja katika benki ya pale Tukuyu, amejaza upande wake, anasema nikirudi tuweke akiba yetu pamoja, saini mbili, yeye na mimi, na akiba anayoijua yeye haifiki hata milioni moja. Doreen anasema nifungue akaunti ya Watanzania walio nje kwa jina langu, unaifungua ukiwa hukuhuku, unachagua dola au shilingi, tena nizifunge kwa muda maalumu nipate riba nzuri. Mimi mwenyewe nimewaza nimtumie mtu alinunue lile shamba kimyakimya hata kwa bei ya juu, nimkabidhi mume wangu hati siku nikifika, iwe kama zawadi, na yaishe.

Naomba unishauri akaunti tu. Ipi itanifaa?

Nesi, Muscat

*

Nesi,

Marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, mara mbili.

Umeniomba nikuchagulie akaunti na nitakuchagulia, maana kabla ya kuandika ukurasa huu nilikaa dirishani kwenye chama cha kuweka na kukopa miaka kumi na saba, na nimeona wake wengi wakifungua vitabu vya akiba vya siri na waume wengi zaidi. Ila sitaanza na akaunti.

Kwanza nikutoe hofu moja. Kuwa na akiba kwa jina lako si kosa. Mtu anayefanya kazi ugenini na hana hata hela ya mtihani mkononi, huyo yuko hatarini, na lile swali la mume wako lilikuumiza kwa haki. Lakini yeye hajui kwamba lilikuumiza. Ulimnyima nafasi ya kujua, kisha ukamhukumu kwa miaka mitatu kwa jambo ambalo hajawahi kuambiwa amekosea. Mtu anayekupigia picha za bati angeshindwa kukuelewa kama ungemwambia, "Baba Noah, nataka kila mwezi nibakize kiasi hiki, na sitaki kuulizwa cha nini"? Labda angenuna wiki moja. Basi.

Na siku ya korido usijifiche nyuma ya kupanga maneno. Mama wa mtu alikuwa kitandani na mfupa umevunjika, wewe ni nesi, unajua paja lililovunjika linavyouma. Siku tatu. Nasema hili mara moja tu, sitalirudia, kwa sababu naona umekuwa ukijiambia hilo mwenyewe mwaka mzima.

Sasa habari ya kununua shamba kimyakimya. Usithubutu. Atakuuliza hela imetoka wapi, nawe itabidi utunge tena, na safari hii atakuwa anakushukuru huku unamdanganya. Ulishaona shukrani za mama yake zilivyokutenda. Shamba, kama litarudi, lirudi mkiwa mmeamua wawili.

Na huo mkataba wa miaka miwili, kama unautaka kwa ajili ya kazi, ongeza. Kama unautaka ili kadi ya ukaazi iendelee kukuficha, usiongeze. Lightness ana mama mmoja.

Fanya hivi, na ufuate mpangilio huu.

Mwambie mume wako kabla hujahamisha hata rial moja. Kwa sauti, si kwa ujumbe wa maandishi. Chagua siku asiyofundisha, watoto wakiwa wameenda kanisani au kwa jirani. Anza na kiasi: "Nina rial elfu nne na mia moja, na siku ulipokuwa hospitali nilikuwa nazo zaidi ya elfu tatu." Halafu ndipo umweleze ule mtihani. Ukianza na mtihani itakuwa unajitetea. Akikata simu, mwache. Akikaa kimya siku kadhaa, mwache pia, usimtumie ndugu. Kuhusu mama mkwe, lile neno kwamba hela ni yako alilisema mume wako, kwa hiyo ni lake. Yeye ataamua kama anamwambia mama yake na lini. Usimtangulie.

Baada ya hapo, akaunti. Fungua ile ya Watanzania walio nje, kwa jina lako, na mwambie ipo, benki gani na ina kiasi gani. Usifunge hela zote kwa muda maalumu eti kwa sababu ya riba. Unarudi nyumbani na miezi ya kwanza huna mshahara, na ukivunja mkataba wa benki kabla ya siku zake utapoteza hiyo riba uliyoifuata. Funga nusu tu, kwa miezi sita au mwaka. Dola au shilingi? Matumizi yako yatakuwa ya Tukuyu, ada ya Tukuyu, unga wa Tukuyu, kwa hiyo nyingi ziwe shilingi. Bakiza kiasi kwenye dola kama una mpango wa kusoma au kutoka tena. Kabla hujasaini waulize wakujibu kwa maandishi: makato ya kila mwezi ni kiasi gani, kiwango cha chini kisichotolewa ni kipi, nikirudi nyumbani akaunti hii inaendelea au inabadilika, na namba yangu ya simu ya Oman ikizimika nitaingiaje. Huko Muscat chukua barua ya benki inayoonyesha hela ni za mshahara wako. Hamisha benki kwa benki, mwezi mzima kabla kadi haijaisha. Usibebe hela kwenye begi na usimpe mtu akupelekee, hata Doreen.

Na zile fomu alizojaza Anyitike, usizitupe. Saini. Akaunti ya pamoja iwe ya nyumba na watoto, kila mmoja aweke sehemu ya kipato chake, itolewe kwa saini mbili. Ile yako ibaki yako. Na yeye, kama ana busara ninayoisoma kwenye barua yako, naye awe na ya kwake, na wewe usimuulize ya nini.

Nimekutumia majibu haya kwa simu kabla hayajachapwa, kwa sababu miezi mitatu ni michache. Nenda kaongee na mumeo.

Mama Modesta

*

Mama Modesta, shikamoo tena.

Nilimwambia Jumapili, watoto wakiwa kanisani. Nilianza na kiasi kama ulivyosema. Akasema, "Nimesikia," akakata.

Siku nne alikuwa ananitumia ujumbe wa watoto tu. Noah amepona mafua. Lightness amepoteza sweta. Siku ya tano akapiga mwenyewe, akaniuliza kitu kimoja: "Ulikuwa unaniogopa?"

Nikamwambia, "Nilikuwa naogopa kukuomba."

Akasema, "Mimi sikujua kama ulikuwa unaona unaniomba. Nilidhani tunapangiana." Nikamsikia analia, na huyo mtu sijawahi kumsikia akilia, hata mama yake alipovunjika.

Akaunti nimefungua, kwa jina langu, nusu nimeifunga mwaka mmoja. Nilimtumia jina la benki na kiasi, akajibu, "Nimeona." Barua ya benki ninayo. Zile fomu za pamoja anasema tutazimalizia nikifika, kwanza tukae.

Shamba Anyitike aliliulizia, ila aliyelinunua amekataa kuuza. Ameshavuna mara moja, na mume wangu akienda Kinyala kumsalimia mama analipita. Bado hajamwambia mama yake ukweli wa ile hela. Anasema atamwambia siku akiweza, nami sijamsukuma.

Mkataba sijaongeza. Jana nilimweleza hivyo, nikamuuliza kama nije au nisubiri kwanza hasira zipoe. Akanijibu, "Hasira bado ninazo, Mama Noah, sitakudanganya. Ila usije ukapanda basi peke yako na mizigo yote hiyo. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege, Songwe."

Nimeshakata tiketi. Natua Jumamosi ya tarehe tisa.

Nesi