Tonge la Mtoto wa Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba
Miezi saba na siku nne tangu niondoke Nias, kisiwa chetu huko Indonesia. Meli hii ya watalii imejaa mpaka vyumba vya chini — Wahindi, Wachina, Wasingapuri, na watoto wao wanaotapikia shuka. Kila msimu abiria wanaongezeka. Sisi wa dobini bado ni wale wale tisa.
Lakini orodha mpya ya safari imebandikwa. Alhamisi tarehe 13: Teluk Dalam. Kwetu! Meli itatia nanga mbele ya kijiji changu.

Jumatano, 5 Novemba
Nimempigia Otoli, mdogo wangu. Mama hainuki tena. Wazee wa ukoo wanasema mlo wa kumuaga usichelewe, maana mzazi hulishwa akiwa bado anaweza kutafuna, na akishalishwa ndipo anawabariki watoto. Tonge la kwanza hutoka mkononi mwa mtoto wa kwanza. Ndiye mimi. Nikamwambia wachinje nguruwe tarehe 13.
Akasema, "Kaka, siku hizi hata kufa tunafuata ratiba ya watalii?"
Tulicheka wote wawili. Si cha kuchekesha.

Ijumaa, 7 Novemba
Meli ikiwa bandarini, theluthi yetu haturuhusiwi kushuka. Tunabaki kwa dharura. Tarehe 13 zamu ni yangu. Dindo, yule Mfilipino wa pasi, amekubali kunishikia, nami nimshikie zamu zake katika bandari tatu. Tatu kwa moja! Nikamwita mnyonyaji. Akaniambia nishukuru, yeye mama yake hajamwona mwaka wa pili, na meli haipiti kwao.

Jumatano, 12 Novemba
Nimepiga pasi shati jeupe. Dindo ananiita bwana harusi.
Otoli anasema kijiji kimejenga gati la mianzi, vibanda vya vinyago vimepangwa, vijana wanafanya mazoezi ya kuruka lile jiwe la jadi, refu kuliko mtu, mbele ya wageni. Mama amekula uji vijiko viwili. Bado yupo.

Alhamisi, 13 Novemba
Tulifika saa moja asubuhi. Niliona bati la kanisa letu kwa macho yangu.
Mawimbi. Walishusha boti ya kwanza ya kupeleka watu gatini, ikapigwa ubavuni mwa meli, wakaipandisha. Nahodha akaomba radhi kwenye vipaza sauti, akasema usalama kwanza, na kwamba bahati nasibu itaanza mapema. Saa tatu nanga ikapanda. Nikarudi dobini na shati langu jeupe.
Mtandao ulipatikana saa kumi. Nguruwe amechinjwa, ukoo mzima umekaa. Wazee wanataka Otoli amlishe mama kwa niaba yangu, lakini lazima niridhie.
"Sema neno moja tu, kaka. Nyama inapoa."
Sikusema. Nilinyamaza mpaka mtandao ukakatika. Nililitaka tonge langu. Ni aibu, lakini ndiyo kweli.

Ijumaa, 14 Novemba
Otoli alijaribu bila ruhusa yangu. Mama akafumba mdomo. Akauliza, "Mkubwa yuko wapi?" Tangu hapo hata uji hataki.
Nimekwenda ofisini. Afisa wa ajira alinieleza kwa upole: Teluk Dalam imefutwa kwenye orodha, mawimbi yake hayaaminiki. Meli mbili mpya zinakuja mwakani, kazi zitakuwa tele, ila anayeshuka kabla ya mkataba kwisha hachukuliwi tena. Alinipa muda nifikirie. Nikatia sahihi ya kuacha kazi pale pale.
Dindo amekasirika. Nani sasa atamshikia zamu zake? Ameniita mwizi mbele ya watu. Baadaye nikamkuta ananikunjia nguo kwenye begi.

Jumamosi, 15 Novemba
Otoli hapokei simu. Nimepiga mara sita. Nikamwandikia: mama asilazimishwe, mbakizieni nyama laini, nakuja. Ujumbe umesomwa. Hajajibu.
Pengine yuko shambani. Pengine simu iko kwa mkewe.
Nimeandika tena: kesho nashuka Singapore, Jumatatu niko Medan. Jumanne tarehe 18, kabla ya mchana, nafika nyumbani.