Namba Iliyovunja Kanuni

Gatitu, Nyeri
3 Agosti 1979

Kaka Simeon,

"Mashine haigundui hesabu," uliandika ukikataa tasnifu ya binti yangu Watiri. Krismasi ulikula viazi vyangu bila kuuliza kama nililima mimi au jembe.

Huku baridi imekaza, ng'ombe amezaa. Watiri ameacha kula.

Kompyuta ya chuo, kwa maagizo ya Watiri, ilipata namba inayovunja kanuni mnayoifundisha. Tuliihakiki kwa penseli siku tatu. "Mama, umesahau tena kubeba moja!" akacheka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka. Mara mbili nilikosea mimi, mashine haikukosea.

Wewe na watahini wenzako wawili, namba nimeiambatisha. Ihakikini wenyewe. Msipoona kosa, itieni sahihi tasnifu yake.

Dada yako,
Wamucii