Amplifaya ya Kumsikia Sikudhani

Nambilanje, Ruangwa
4 Juni 2023

Kwako mtani wangu Nurdini, Myao uliyekimbia jembe,

Salaam aleikum. Mimi huku mzima kabisa. Sina homa, sina kikohozi, mgongo tu unauma kidogo, na huo si ugonjwa, ni kazi. Sijui wewe na mguu wako. Binti yako Hajra hajambo? Anakupa chakula, au mnapigiana miayo huko mjini Nachingwea?

Barua hii naandika kwa mkono wangu, usidhani nimeandikiwa. Kwenye kisomo cha watu wazima mimi ndiye niliyeshika namba moja. Wewe ulikuwa unachungulia daftari langu.

Ile redio ndogo ya memori kadi Kipriani kaniletea kwenye pikapu yake, pamoja na hedifoni. Ahsante. Ukasema umeihamishia humo kaseti ya ngoma tuliyopiga kijijini Chiola, ya mwaka themanini na nne, siku watoto walipotoka jandoni. Nikakaa mlangoni, nikavaa hedifoni, nikabonyeza. Mtani, umenitumia kitu kibovu.

Ngoma yako kubwa naisikia, du, du, du, kama mtu anayetwanga muhogo huku anasinzia. Ngoma yangu ndogo, ile iliyokuwa ikilia kama mjeledi mpaka watu wanaacha sahani za pilau, naisikia kwa mbali sana. Na Sikudhani simsikii kabisa.

Pale unapajua. Kabla wimbo wa pili haujaanza, marehemu mke wangu ananiita jina, anasema maneno, halafu wanawake wanacheka. Siku ile nilidaka jina langu tu, maana mikono ilikuwa kazini, na kaseti ukaondoka nayo wewe. Lakini najua alikuwa ananisifu. Watu wote hapa nimewaambia hivyo. Huu mwaka wa tatu tangu nimzike, nataka nimsikie mwenyewe.

Mwalimu Eustakio wa shule yetu anasema wapenda muziki wa Dar huweka amplifaya ndogo, kama kipande cha sabuni, kati ya redio na hedifoni, ikaipa redio nguvu. Basi nitafutie hiyo.

Na usije ukasema masikio. Masikio haya, nikiwa juu ya dungu nalinda mahindi, yalimsikia nguruwe akikanyaga jani kwenye shamba la jirani. Siku hizi kila kitu kimelegea tu. Muadhini wetu sauti haimtoki. Watu kibarazani wananong'ona kama wezi, ndiyo maana siendi tena, nakaa kwangu. Na simu usinipigie. Simu inakula maneno. Andika.

Ni mimi mtani wako,
Mikidadi


Nachingwea
19 Juni 2023

Kwa Mmwera wangu mla panya,

Waaleikum salaam. Barua nimeipata na herufi zako nimezisoma, ingawa zimelala ubavu kama walevi. Mimi nipo. Mguu haujambo leo, kesho sijui. Hajra anakusalimu, anasema mwandiko wako umemuumiza macho.

Sasa nisikilize. Nimekwenda kwa Selestini, fundi redio wa hapa karibu na soko. Unajua zilinunuliwa redio mbili, yako na yangu, na kadi zote zina kaseti ileile. Nikampa ya kwangu na hedifoni zilezile kama zako. Akavaa, akasikiliza, akatikisa kichwa mpaka wimbo ukaisha. Akaniambia, "Mzee, hizi hedifoni ni nyepesi. Redio hii inaziendesha hata sauti ikiwa nusu. Amplifaya ni ya zile hedifoni kubwa nzito, ambazo redio ndogo inashindwa kuzisukuma. Hapa ukiiweka utanunua kelele."

Nikavaa mimi. Nikasikia yangu, nikasikia yako, nikasikia wanawake wote wa Chiola, na jogoo mmoja aliyewika nyuma ya nyumba. Sikudhani yupo, sauti yake safi, kama anapita hapo uani.

Kwa hiyo mtani, kilichoharibika kiko katikati ya zile hedifoni mbili, pale unapovalia kofia. Na hicho Selestini hana spea yake. Nenda hospitali Ruangwa wakuchungulie, huenda ni nta tu imejaa.

Utaniuliza anasema nini? Anasema hayohayo unayosema mwenyewe. Njoo Nachingwea tusikilize pamoja. Mimi nashinda kwenye kiti hiki tangu asubuhi, wapita njia wote nimewamaliza kuwahesabu.

Mtani wako mwenye masikio,
Nurdini


Nachingwea
22 Oktoba 2023

Mtani Mikidadi,

Hujambo? Nauliza kwa kuwa sijui. Ufuta mmevuna, mmeuza, korosho zimeanza kudondoka, na barua yako sijaiona. Kipriani anasema akikutajia jina langu unatazama pembeni.

Umekasirika? Mzee mzima wewe, umesahau? Mtani akikasirika analipa jogoo. Wazee wetu walitukanana mpaka makaburini na hakuna aliyenuna. Jogoo wangu namtaka, tena mwekundu.

Nilikupigia simu, ingawa ulikataza. Nikakuuliza, korosho vipi mwaka huu? Ukanijibu mgongo unauma kidogo. Nikakuuliza, umekula? Ukasema Harithi, mwanao, hajaja tangu Idi. Nikakuuliza tena kwa sauti, umekula, Mikidadi? Ukasema haya, ahsante, na wewe pia. Nikakata. Hajra akaniuliza nalia nini, nikamwambia vumbi.

Basi amplifaya hiyo hapo, Kipriani anayo. Selestini alicheka, lakini kaniagizia Dar. Ina waya mfupi mmoja, huo unachomeka kwenye redio, na hedifoni unachomeka kwenye tundu la pili. Ina gurudumu dogo la kuongezea. Ongeza polepole. Mimi nasema haitasaidia, lakini sitaki ukae huko ukidhani nimekunyima.

Mguu umevimba mpaka gotini, na kifua nacho kimeanza kushindana nao. Usifurahi mapema. Nikifa, wewe ndiye wa kulala kaburini ugome kutoka mpaka wanangu wakulipe. Nimemwambia Hajra asikupe zaidi ya kitita cha tumbaku, na iwe imeoza.

Mtani wako asiyenuna,
Nurdini


Nambilanje
12 Novemba 2023

Nurdini mtani wangu,

Salaam nyingi, na pole ya mguu na kifua. Sikukasirika. Nilikuwa na kazi. Mtu anayeokota korosho peke yake, shamba zima, bila kibarua, hana nafasi ya kuandika. Hapa hakuna mwenye nguvu kama mimi, vijana wananionea aibu. Kwa hiyo jogoo msahau.

Amplifaya nimeifunga mwenyewe. Nikaichaji kwenye sola ya mwalimu Eustakio, nikakaa palepale mlangoni. Nikaongeza polepole kama ulivyosema. Nikaongeza tena. Nikafika mwisho wa gurudumu.

Mtani, ngoma yako ilinipiga mpaka meno yakatikisika! Kuku walitawanyika. Eustakio akatokea njiani, akanionyesha kwa mikono kwamba nizime, eti inasikika mpaka kwake, na hedifoni ziko masikioni mwangu. Nikamwambia, unaona sasa, kumbe ilikuwa inahitaji amplifaya. Akasema kitu, akaondoka.

Lakini ni wewe tu uliyemo. Ngoma yangu imepotea. Sikudhani hayupo. Nikafika pale penye jina langu, nikabana pumzi, kikaja kishindo chako na mvumo kama mvua kwenye bati, basi. Mashine ya Kiyao hii, inampendelea ndugu yake.

Nimerudia mpaka betri ikaisha. Nikachaji, nikarudia.

Sasa nakuomba jambo, na usinitanie kwenye hili. Sikiliza wewe. Uniandikie anachosema, neno kwa neno. Usiongeze kitu kunifurahisha. Akikohoa, andika amekohoa. Kusoma bado nasoma vizuri, kuliko watu wote wa hapa.

Nyumba hii imenyamaza, mtani. Nikiweka sufuria chini, haisemi. Mlango nikiufunga, sijui kama umefungwa mpaka niusukume. Harithi alikuja juzi na wanawe, nikaona midomo inakwenda, wajukuu wanacheka, nami nikacheka. Sijui tulicheka nini.

Andika haraka. Kipriani anarudi huku Jumatano.

Mtani wako,
Mikidadi


Nachingwea
27 Desemba 2023

Kwako baba yangu Mikidadi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima. Mimi na wanangu tupo, tunamshukuru Mungu.

Baba, naandika kwa kuwa nimegundua huna habari. Baba yangu, mtani wako Nurdini, alifariki Ijumaa ile ya mwanzo wa mwezi huu. Kifua kilimbana tangu alfajiri, hatukuwahi kufika hospitali. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Nilikupigia simu asubuhi ileile, wewe wa kwanza, kabla ya ndugu zake. Nikasema, "Baba ametutoka." Ukajibu, "Alhamdulillahi, mwambie asisahau kuandika." Nikadhani umepigwa na bumbuwazi. Nikarudia, "Baba amefariki, tunazika leo." Ukasema, "Haya haya mwanangu, nimesikia, msalimie sana." Ukakata.

Tukajua unakuja. Maziko tuliyachelewesha mpaka alasiri, tukikungoja. Watani wengine walikuwepo, wakataka kulala kaburini, wajomba wakawakataza, wakasema mwenyewe yuko njiani kutoka Nambilanje. Mwisho akashushwa kimya kimya, bila mtu wa kumtukana. Watu walisema maneno juu yako. Mimi pia niliyasema moyoni, nisamehe. Namba nyingine ya huko sikuwa nayo, na Kipriani gari lilikuwa bovu mwezi mzima.

Juzi nikikunja nguo zake nikaikuta barua yako ya mwisho mfukoni mwa koti. Nikaisoma, ndipo nikaelewa ile simu.

Kumbe ulimwomba akuandikie maneno ya mama Sikudhani. Nilimwona baba akisikiliza, kalamu iko mkononi, halafu anaiweka. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Miaka yote anawaambia watu alisifiwa. Mimi ni nani nimnyang'anye?"

Lakini baba, uliomba neno kwa neno. Nimevaa hizo hedifoni, nimesikiliza mara nyingi ili nisikosee. Mama Sikudhani anasema hivi:

"Mikidadi we, punguza mkono, tumsikie na Nurdini."

Halafu wanawake wanacheka, na yeye anacheka. Hakohoi.

Arobaini tunasoma wiki ya pili ya Januari. Kama utaweza.

Mwanao,
Hajra


Nambilanje
4 Januari 2024

Mwanangu Hajra,

Marahaba. Kipriani kanipa barua yako shambani, nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Wale waliosema maneno waambie walisema sawa. Mtu gani anapewa habari ya msiba wa mtani wake anajibu alhamdulillahi. Na wewe sina cha kukusamehe.

Arobaini nakuja. Kipriani atanichukua. Ninakuja na jogoo mwekundu, ni deni la kununa, baba yako analijua. Kaburi limeshafukiwa, siwezi kuingia, lakini nitalala juu yake kwa ubavu na sitaondoka mpaka mnilipe ile tumbaku iliyooza. Wajomba zako wasinishike. Nitamtukana ipasavyo, yote ambayo hakutukanwa siku ile. Ukiniona nazungumza huku huelewi, niache. Na ukitaka kuniambia kitu huko, usiseme, niandikie hata kwenye kiganja.

Ninayo maneno ya mama yako Sikudhani. Nimeyasoma sana. Eti punguza mkono. Mimi! Mpiga ngoma niliyekuwa hodari kuliko wote, kuanzia Ruangwa mpaka Mtua! Lakini ni sauti yake, hayo ni maneno yake hasa. Hata mezani alikuwa ananiambia hivyohivyo.

Jana nimeitoa amplifaya. Selestini alisema kweli, haihitajiki. Nikavaa hedifoni tupu, nikafika pale. Sasa najua anasema nini, kwa hiyo nikamsemea mimi mwenyewe kwa mdomo. Halafu wimbo wa pili ukaanza. Ngoma yangu haipo humo tena, mwanangu, wala wanawake. Ipo ile kubwa tu, du, du, du.

Sikudhani alitaka tumsikie Nurdini. Basi mwambie baba yako, ukienda kaburini kabla yangu: namsikia yeye peke yake.

Mtani wa baba yako,
Mikidadi