Ghorofa ya Mama na Vyuma vya Senait

Debre Birhan,
14 Hidar.

Mama mdogo Askale mpendwa,

Kabla ya neno lolote, nipe hali yako. Joto la Djibouti linakutendeaje? Miguu bado inavimba jioni, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na mumeo mzee Fisseha, ameacha kugombana na wapakiaji wa bandarini, au ndiyo starehe yake ya uzeeni? Nakuombea afya njema wewe na wote walio chini ya paa lako.

Sisi hatujambo, namshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi maji ya ndoo yanakuwa na ngozi ya barafu. Kesho tunaanza mfungo wa Gena, Krismasi yetu, kwa hiyo leo kila nyumba inamaliza nyama na siagi yake, na mtaa mzima unanukia kama harusi. Mavuno ya shayiri si mabaya. Mama ni mzima, anakwenda kanisani kwa miguu yake.

Barua hii inakuja na Getnet, dereva wa malori ya nondo. Ameleta mzigo kutoka bandarini kwenu, anarudi mtupu, nikamwambia asirudi mtupu kabisa. Mpe chai, ni mtu mwema ingawa anasema sana.

Ungeuona mji wetu sasa ungepotea. Upande wa Addis ni viwanda, kimoja kinamalizika na kingine kinachimbiwa msingi. Pale tulipokuwa tunaanika kinyesi cha ng'ombe cha kuwashia moto, leo kuna hoteli ya vioo. Saruji ikifika hupangiwa foleni kama mafuta ya taa enzi zile. Kila nyumba imeacha nondo zimechomoza juu ya paa, kwamba ghorofa nyingine inakuja Mungu akipenda, na nyingine zimechomoza hivyo mpaka zimeshika kutu. Vijana waliokuwa wachunga kondoo ni wakandarasi. Ukimpiga mtu kikumbo sokoni, umempiga mkandarasi.

Mimi bado nina ua wangu wa mirunda, ule alioanzisha marehemu baba. Mikaratusi inatoka milimani kuelekea Ankober, tunaimenya, tunaikausha, tunaikodisha kwa mafundi waishikilie slabu mpaka zege likauke. Nusu ya mji huu imewahi kulala juu ya miti yangu. Zamani mtu hakuweza kumwaga zege bila kupita kwangu kunisalimia. Nasema zamani, lakini ni juzi tu.

Sasa nikwambie jambo lililonikaa kooni, maana wewe ni mama yangu pia na huna wa kumwambia huko. Ninamwonea Senait wivu. Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni. Nimejaribu kuuita jina jingine, uchovu, umri, hata shinikizo la damu, lakini ni wivu, tena ule wa kumkosesha mtu usingizi.

Amerudi kutoka Addis na kampuni yake, gari lake na kofia nyeupe ya plastiki, na watu wote wanamwita Injinia, hata padri, kana kwamba mama hakumpa jina. Ameleta vyuma vya kuegemezea slabu, vya rangi ya chungwa, ambavyo unavizungusha kwa mkono vinarefuka na kufupika vyenyewe. Hakuna kukata, hakuna kupigilia kabari. Ameleta na lori lenye pipa linalozunguka, linamwaga zege likiwa tayari, na wale wanawake waliokuwa wakibeba zege kwenye machela wawili wawili wanasimama pembeni kulitazama. Lori lake likipita mbele ya ua wangu, wafanyakazi wangu wanaacha shoka wanaangalia. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wateja wangu wameanza kumwendea mmoja mmoja, na wakikutana nami njiani wanaulizia sana habari za watoto.

Na haringi. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa anaringa ningepata pa kushika.

Basi ikatoka amri ya mji kwamba nyumba zote zinazotazama barabara kuu ziwe za ghorofa, na asiyeweza ampishe anayeweza. Nyumba ya mama ilikuwa inaitazama barabara uso kwa uso. Tukaketi, tukachanga, Senait akachora ramani, na mimi sikuwa na kinyongo, kwa kuwa moyoni nilishajua kazi yangu. Yeye achore. Zege la mama litashikiliwa na mirunda yangu. Nilichagua iliyonyooka, nikaitenga peke yake ukutani, nikakataa kuikodisha kwa mtu yeyote. Kisha nikangoja kuombwa.

Sikuombwa. Asubuhi moja napita kama mtu anayekwenda kununua chumvi, naona lori la Senait linashusha vyuma vya chungwa uani kwa mama, na mama mwenyewe amesimama anaelekeza vipangwe wapi. Nilinunua chumvi ambayo sikuihitaji, nikarudi nyumbani.

Siku ya kumwaga zege ilikuwa baada ya sikukuu ya Meskel. Nilikwenda, ningefanyaje, ni nyumba ya mama yangu. Lori la kwanza lilipomaliza, tukawa tunasubiri la pili, mama akatandaza injera na mchuzi wa kuku, doro wat, akaanza kutulisha kwa mkono wake mwenyewe. Wa kwanza alikuwa Senait. Mimi ndiye mkubwa, mama mdogo. Alimlisha Senait tonge la kwanza, la pili na la tatu, kisha akanigeukia mimi, akanitia tonge moja mdomoni, na papo hapo lori la pili likapiga honi. Senait akamwita aje kuona. Mama akafuta mkono, akaenda, akanisahau.

Unajua tulivyolelewa: tonge moja la kulishwa huleta ugomvi, na asiye na nia mbaya haachi bila kuongeza la pili. Kila aliyekuwepo aliona. Tsige, jirani yetu yule asiyeweza kunyamaza hata kwenye msiba, akasema, "Zenebech, umelishwa moja tu? Basi jua la leo halizami salama." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikanawa mikono, nikaondoka kabla ya kahawa.

Tangu siku ile sikukanyaga kwa mama. Kahawa nilinywa kwangu. Nilisikia slabu imekauka, vyuma vimetolewa, lipu imepigwa, madirisha yametiwa. Nilipata habari zote hizo kwa Tsige, bila kuuliza, maana Tsige haulizwi.

Jumapili iliyopita mama alikuja mwenyewe. Alitoka kanisani na shela yake nyeupe, akaingia uani, akaketi juu ya rundo la mirunda kama mteja. Tuliulizana hali kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mwandikie Askale," akasema mwishowe. "Mwambie nyumba imekwisha. Aje baada ya Gena, padri atakuja kuibariki."

"Injinia si yupo? Ana mwandiko mzuri kuliko wangu."

"Senait anaandika kama anaomba tenda. Mimi nataka barua."

Nilikuwa nimeapa nisiseme, lakini kinywa hakikuapa. Nikamuuliza, "Mama, mirunda yangu ilikukosea nini?"

Akatazama ile niliyoitenga, ilikuwa bado ukutani. "Senait alitaka kuja kuichukua," akasema. "Alisema kazi ya mama haiwezi kufanyika bila ya dada. Mimi ndiye niliyemkataza."

Nilihisi afadhali asingesema. Kumchukia Senait kulikuwa kunanipa nguvu ya kuamka asubuhi, na sasa hata hicho kimoja ananinyang'anya. Nikauliza alimkataza kwa nini.

"Kwa sababu ya Askale."

Hapa, mama mdogo, shika kikombe chako vizuri. Alinieleza habari ya mwaka ule ulipokuja kwenye tanga la baba. Ulilala kwetu, na asubuhi ulipoegemea ukuta kipande cha udongo kikakuangukia begani. Ukajipangusa, ukasema mbele ya wanawake wote waliokuja kwa kahawa, "Dada yangu, mpaka leo unalala kwenye miti na matope? Kwetu hata choo ni cha zege." Ulikuwa unatania. Wote walicheka, na mama alicheka akiwa ameshika jebena ya kahawa, akaendelea kumimina. Wewe nadhani ulisahau kabla ya chakula cha mchana. Yeye hajasahau mpaka leo.

"Mrunda mmoja ungeonekana, hata kwenye picha," akasema, "angesema bado tuko kwenye miti. Nilitaka iwe chuma tangu chini mpaka juu. Chuma kilichopita mlangoni kwake, naye asijue kinakwenda kwa nani." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jino linalomuuma, "Ninamwonea wivu Askale tangu tukiwa wasichana. Alipata nywele, akapata sauti, akapata mume wa bandarini. Usimwandikie hayo."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akakasirika, akauliza nacheka nini. Nikamwambia nilikuwa nadhani wivu wangu nimeurithi kwa baba. Ilimchukua muda, kisha naye akaanza, tukacheka pale juu ya mirunda kama wanawake waliokunywa pombe ya tella tangu asubuhi.

Usidhani ndiyo yameisha. Juzi Senait alisimamisha gari langoni, akaniomba nikamshikie ghala lake la vyuma, kwamba hapati mtu anayejua kukodisha na kurudishiwa. Nilimwambia nitafikiri. Nitakubali, kwa kuwa mirunda inarudi uani na kukaa, na mimi si mjinga. Lakini wakimwita Injinia mbele yangu bado nageukia upande wa pili, na sitaki kukudanganya.

Unaona nimeandika yale yote niliyokatazwa. Mama akijua, utakuja kwenye tanga langu badala ya kubariki nyumba. Ukimaliza kusoma, itie kwenye jiko.

Nisalimie mzee Fisseha, Hirut na mumewe, na Binyam mwambie dada zake wa huku wanauliza ataoa lini. Tsige anakusalimu, ingawa sikumwambia naandika. Mungu akulinde na joto na safari, akufikishe kwetu ukiwa na miguu yako yote miwili.

Njoo, mama mdogo. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mama amekununulia kitanda, amekiweka chumba cha juu kinachotazama barabara, na haruhusu mtu kukikalia. Najua kwenu kuna vigae na mashine ya baridi, na hiki chetu ni chumba tu, chenye harufu ya lipu mbichi. Hata hivyo ukishapanda, usikisifu. Sifa atajua ni adabu. Tafuta kitu kimoja mle ndani ambacho wewe huna, hata kama ni upepo wa dirishani, halafu kitamani kweli, na uso wako usiufiche. Mwonee wivu dada yako, hata kwa siku moja, umwache akuone.

Mwanao wa kwa dada yako, akupendaye hata akinuna,

Zenebech